Masini ya zamani ya kupasula kuni: tufikiri kabla ya kuiuza kama ferayi



Tulitembelea kooperative moja ya teritware ya Lubero, yenye kupanda mikaliptusi kwenye milima iliyochoka, pale maharagi hayazai tena. Nyuma ya depo tukakuta masini ya kupasula kuni, ile ya kusukumwa na mafuta kwa presha. Ilitoka Ulaya ikiwa imeshatumika, na moteri yake ilikuwa ya umeme. Lakini kijijini hakuna umeme. Kuku walikuwa wanatagia chini yake. Wanunuzi wa ferayi walikuwa wamekwisha kupita mara mbili, na mkutano ulikuwa tayari kupiga kura.

"Bwana agronome, mutuache tuiuze. Hii chuma iko inakula nafasi ya bure," baba jeran alituambia. Mama mmoja mwenye kupasula kuni kwa shoka tangu ujana wake akamujibu: "Na mugongo yangu, nayo mutaiuza?" Watu wakacheka, na kura ikasogezwa mwezi mmoja. Huo mwezi ndio tulioutumia, sisi pamoja na fundi wa kusude na vijana wawili.

Inafanya kazi namna gani?

Pompi inavuta mafuta kwenye tanki na kuyasukuma ndani ya silinda. Pistoni inatoka na kusukuma gogo mpaka kwenye kabari. Silinda yenye upana wa ndani wa sentimita 10, kwa presha ya bari 150, inatoa nguvu ya tani 12 hivi. Ndiyo maana gogo lenye mafundo linapasuka. Ndiyo maana pia kidole hakina bahati pale.

Kubadilisha moteri

Moteri ya umeme ilikuwa inazungusha pompi mara 1,450 kwa dakika. Moteri ya mazutu ya kinu cha mahindi ilikuwa inazunguka mara 2,000. Tukaweka puli ya sentimita 14 kwenye moteri na ya sentimita 20 upande wa pompi, na pompi ikazunguka karibu mara 1,400. Hiyo inatosha. Kuikimbiza pompi zaidi ya kipimo chake ni kuiua.

Mkanda usivute moja kwa moja mti wa pompi, kwa sababu pompi ya namna hii haikutengenezwa kuvutwa kwa upande. Fundi alisude mti mwingine juu ya rulema mbili. Mkanda unavuta huo mti, na huo mti unaunganishwa na pompi ukiwa umenyooka sawasawa.

Hapa tuseme kosa letu sisi wenyewe. Pompi inazunguka upande mmoja tu, na mshale unaonyesha upande huo. Mshale ulikuwa umefunikwa na rangi na vumbi, na sisi hatukuusugua. Siku ya kwanza tukawasha, joini ya pompi ikaruka, mafuta yakamwagika chini mbele ya memba wote. Baba jeran hakusema kitu, alituangalia tu. Tulitafuta joini mpya Butembo, tukageuza moteri iangalie upande mwingine, tukaanza tena.

Mafuta ni damu ya masini

Tulipofungua tanki, mafuta yalikuwa meupe kama maziwa. Maana yake maji yameingia. Tuliyatoa yote, tukasafisha tanki kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, tukaweka filtri mpya na mafuta ya hidroliki namba 46. Tafadhali, musiweke mafuta ya vidanje wala ya freni: ya kwanza yanaleta uchafu, ya pili yanaharibu joini. Kisha peleka pistoni mbele na nyuma mara kadhaa bila gogo, ili hewa itoke. Angalia kipimo cha mafuta pistoni ikiwa imerudi ndani.

Mafuta ya zamani yasimwagwe chini. Pale tulipokuwa, chemchemi ya kijiji iko chini ya depo. Yafungwe kwenye bido na kupelekwa kwa garaji ya mjini yenye kuyapokea.

Mambo ya kutochezea

Tiyo ikivuja, usitafute tundu kwa mkono. Mafuta ya presha yanaweza kupenya ngozi kama sindano. Tumia kipande cha karto. Mtu akipenywa, hata kama kidonda ni kidogo na hakiumi, aende hospitali saa ile ile.

Valvu ya presha isikazwe ili kupata nguvu zaidi; tiyo au silinda inaweza kupasuka. Mkono wa komandi lazima urudi wenyewe katikati ukiuachilia. Pale tulikuta umefungwa na waya, tukaukata. Na mtu anayeweka gogo ndiye peke yake anayeshika komandi. Wakiwa wawili, mmoja anaweka na mwingine anavuta, hapo ndipo vidole vinakatika. Watoto wabaki mbali.

Fundi aliongeza pia miguu, meza ikafika kwenye kiuno cha mtu, na akasude vibati viwili pembeni ili vipande visianguke kwenye miguu.

Faida ni gani?

Kaliptusi ipasulwe ingali mbichi. Ikikauka inakuwa ngumu sana. Kuni zilizopasulwa zinakauka mapema kuliko magogo mazima, na wachoma matofali na wenye kuoka mikate wanapenda kuni kavu zisizo na moshi mwingi.

Kura ilipopigwa, masini ilibaki. Lakini si kila kitu kimetengenea. Moteri ni ya kinu, na watu wanataka unga, kwa hiyo kuni zinapasulwa siku mbili tu kwa juma. Mama wa mugongo ndiye sasa anayeshika komandi, na pia kayé: saa za kazi, mafuta yaliyoongezwa, siku ya kubadilisha filtri. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kama kwenu iko masini inayolaliwa na kuku, musiiuze haraka. Anzeni kwa kufungua tanki. Na musisahau kuusugua ule mshale.