Mtoto wa Mbwa Mwenye Mguu Uliovimba: Usimpasue!

Mbwa mzuri hulinda boma na mbuzi. Basi mtoto wa mbwa akizaliwa na mguu mnene kama mchi, wenyewe huhuzunika. Mmoja husema ni jipu, lipasuliwe. Mwingine husema ni laana, atupwe. Ngojeni kwanza.

Mbali na mishipa ya damu, mwili una mishipa mingine myembamba inayorudisha maji kutoka nyamani hadi kwenye damu. Maji hayo huitwa limfu. Mbwa wengine huzaliwa mishipa hiyo ikiwa michache au haipo. Maji yanakosa njia, yanakaa mguuni, kama shamba ambalo mtaro wake umeziba.

Utaitambuaje?

Uvimbe huonekana tangu kuzaliwa au katika miezi ya kwanza, mara nyingi miguu ya nyuma, ukianzia chini na kupanda juu. Hauna joto, na mbwa hasikii uchungu. Bonyeza kwa kidole gumba, hesabu hadi kumi, achilia. Shimo likibaki, ni maji.

Kukiwa na joto, uchungu au kidonda, hayo ni mambo mengine: jipu, nyoka, mfupa kuvunjika, au kamba iliyokaza. Miguu yote na tumbo vikivimba, huenda ni minyoo, moyo, figo au ini. Daktari wa mifugo ndiye atakayehakikisha.

Kumtunza

1. Usipasue wala kudunga. Maji yatarudi, na vijidudu vitaingia.
2. Kanda mguu polepole kila siku, kutoka vidoleni kuelekea mwilini.
3. Mwombe daktari akuonyeshe kufunga bendeji, kuanzia vidoleni. Vidole vikiwa baridi au vikivimba, ifungue mara moja.
4. Weka ngozi safi na kavu. Mguu ukipata joto au mbwa akikataa kula, mrudishe kwa daktari upesi.

Dawa ya kuponya kabisa hakuna. Wengine hupata nafuu wakikua, wengine huishi na uvimbe wakifanya kazi yao. Wale waliovimba mwili mzima mara nyingi hufa wachanga.

Ugonjwa huu si matende yanayoletwa na mbu, wala hauambukizi. Lakini waweza kurithiwa. Kwa hivyo mbwa huyo asizalishwe, na mama na baba yake wasipandishwe tena.

Je, ada ya daktari ni kubwa kwa mtu mmoja? Wanakikundi wenye mbwa wachange pamoja, aje siku moja awaone wote.