Kifua kikuu: kinini mbele ya buti

Kila mtu wa Kolwezi anamjua mchimbaji wa namna hii. Alikohoa wiki nyingi, akakonda, akapimwa: kifua kikuu. Akaanza dawa. Mwezi wa pili kikohozi kikapungua, nguvu ikarudi, akashuka tena ku shimo. Asubuhi moja akasahau kinini, kesho yake tena. Bibi yake akimuuliza, anajibu: « Mi nilishapona, mama. Nitakunywa tu. »

Neno hilo « nitakunywa tu » njo linatuua. Dawa ya kifua kikuu cha kawaida ni ya miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2 ya kwanza, kisha dawa 2 kwa miezi 4. Ni bure. Lakini mtu akiacha katikati, vijidudu vilivyobaki vinaweza kuzoea dawa. Ugonjwa unarudi ukiwa mgumu zaidi, na watoto wanaolala naye chumba kimoja wanauvuta. Kwa mchimbaji hatari inazidi, kwa sababu vumbi ya mawe inaharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika yanashikwa upesi.

Huyu baba si mjinga. Nia anayo, anachokosa ni mpango. Peter Gollwitzer, mtaalamu wa saikolojia kutoka Ujerumani, alionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba nia peke yake mara nyingi haitoshi. Inafaa mtu aseme mapema: « Kama jambo hili linatokea, basi nitafanya hivi. » Katika uchunguzi uliotoka Marekani mwaka 2011, wafanyakazi wa kampuni moja walipata barua ya kuwaomba waandike siku na saa ya kwenda kuchanjwa mafua. Kwa watu 100, karibu 37 walikwenda. Kati ya wale walioonyeshwa tu siku za chanjo, 33. Si muujiza, lakini gharama yake ni kalamu.

Kwetu mpango unakaa namna gani? Shika kitu unachofanya kila siku bila kukosa. Mchimbaji hasahau buti. Basi kinini ziwekwe kwenye kibao juu ya buti, mbali na watoto, na useme: « Kama nimenawa uso, basi kinini kwanza, kisha buti. » Tumbo likiwa tupu, dawa inaingia vizuri zaidi.

Kisha fikiria yale yanayoharibu mpango:

Kama ninaenda kulala ku mugodi wa mbali, basi siku moja mbele ninapita kituo cha afya kuuliza kinini za siku hizo.

Kama marafiki wananipa lutuku, basi nasema: « Niko ku dawa. » Pombe pamoja na dawa hizi inaumiza ini.

Kama mkojo unakuwa mwekundu, basi siachi. Ni rangi ya dawa. Lakini kama macho yanakuwa manjano, basi ninakwenda kwa munganga siku ileile.

Kama nimesahau siku moja, basi sinywi ya siku mbili pamoja, ninamwambia mwuguzi.

Bamama, musigombane naye. Leo mangaribi muulizeni tu: « Kesho asubuhi utakunywa kinini saa gani, na iko wapi? » Akitaja saa na mahali, mpango upo. Akijibu « nitakunywa tu », kaeni chini, muanze tena.