Farasi Aliyetoka Mbioni: Wa Kununua au wa Kuacha?

Anayetaka farasi wa kupanda hapa Bujumbura hana soko la kuendea. Burundi ni nchi ya ng'ombe. Farasi ni wachache, na wenye nao wanajuana. Ndiyo maana macho ya wengi huelekea Nairobi. Swali lililonifikia safari hii limetoka kwa familia ya Mutanga Nord. Binti yao ameanza kujifunza kupanda, na wameelezwa habari za farasi wa Kenya: ana miaka sita, ameacha mashindano, bei yake ni nafuu kuliko walivyotarajia. Wamchukue?

Nasema jibu langu kwanza. Kwa mtoto anayejifunza, hapana. Kwa mtu mzima aliyezoea tandiko kwa miaka, mwenye mwalimu wa kumsimamia na daktari wa mifugo anayewajua farasi, naweza kusema ndiyo, na nikasema kwa furaha, kwa sababu wanyama hawa wakipata mtu sahihi huwa marafiki wa maisha.

Mbio za farasi zilianza Nairobi mwaka 1904, na uwanja unaotumika sasa, ule wa Ngong Road chini ya Jockey Club of Kenya, ulifunguliwa mwaka 1954. Wanaokimbia pale ni thorobredi, uzao uliotengenezwa Uingereza kuanzia karne ya 17 kwa madume walioletwa kutoka nchi za Waarabu na Waturuki. Thorobredi huanza mbio akiwa na miaka miwili au mitatu, na wengi huwa wameshaacha kabla ya kufika kumi, ilhali farasi aliyetunzwa vizuri hupandwa hadi akapita miaka ishirini. Kwa hiyo huyu wa miaka sita si mzee hata kidogo. Kenya imejaa wenzake: wanacheza polo, wanaruka viunzi, wanabeba watalii porini, wanafundishia wanafunzi. Kutoka mbioni peke yake si dosari.

Dosari, kama ipo, imo katika sababu ya kutoka. Muulize muuzaji: kwa nini ameacha? Jibu ninalolipenda kuliko yote ni kwamba hakuwa na kasi. Farasi mzito wa mbio, aliyeshindwa mara kadhaa mwenye farasi akachoka kumlipia mazoezi, mara nyingi ana miguu mizima na moyo mtulivu. Aliyeshinda sana nusu ya maisha yake ameupa uwanja miguu yake.

Hapo kwenye miguu ndipo pa kukaa muda mrefu. Nyuma ya mguu wa mbele, kati ya goti na kifundo, hupita makano yanayobeba uzito wa farasi kila kwato inapogusa ardhi. Akipiga shoti, lile la nje huvutika hadi karibu na kikomo chake. Likichanika hupona, lakini hupona kwa kovu, na kovu halina mnyumbuko wa kano la asili. Uponyaji huchukua miezi mingi, wakati mwingine mwaka na zaidi, na hata ukikamilika, sehemu iliyo jirani na kovu hubaki katika hatari ya kuchanika tena. Farasi wa namna hiyo anaweza kutembezwa na kukimbizwa kwa mchakamchaka miaka mingi bila tabu. Usimnunue kwa polo wala kwa viunzi.

Huhitaji mashine kuanza uchunguzi. Mtazame akiwa amesimama, kwa ubavuni: mstari wa nyuma ya mguu uwe umenyooka, usiwe umebinuka kama upinde. Kisha inua mguu, pitisha vidole taratibu juu ya kano, linganisha kulia na kushoto. Joto, unene au kushtuka kwa farasi ni habari. Baada ya hapo mkabidhi daktari asiyemjua muuzaji wala wewe. Atamkunja kila mguu kwa muda na kumwachia akimbie kwenye ardhi ngumu, atamzungusha pande zote mbili, atasikiliza moyo, atatazama macho, ataomba eksirei za vifundo na altrasaundi ya makano. Dai jambo moja zaidi ambalo wanunuzi husahau: damu ichukuliwe siku ileile na ihifadhiwe. Farasi aliyepewa dawa ya maumivu asubuhi hutembea vizuri mchana, na damu ndiyo itakayosema ukweli iwapo wiki mbili baadaye ataanza kuchechemea.

Koo na tumbo navyo vina hadithi yake. Baadhi ya thorobredi hutoa sauti ya mngurumo wanapokimbia kwa nguvu, kwa kuwa upande mmoja wa koo, karibu kila mara wa kushoto, umepooza. Mbioni hilo linammaliza. Kwa matembezi ya jioni halina uzito mkubwa, na linaweza kukushushia bei. Vidonda vya tumbo navyo ni vya kawaida mno kwa farasi walio mazoezini, kwa sababu hula nafaka nyingi na nyasi kidogo huku tumbo la farasi likitoa asidi usiku na mchana. Wakipunguziwa nafaka, wakaongezewa nyasi na mapumziko, na wakatibiwa, wengi hupona.

Sasa njoo kwenye yale anayoyajua. Tunasema hajafunzwa, na tunamwonea. Amefunzwa sana, ila kwa kazi nyingine. Joki ana uzito wa kilo hamsini na kidogo, vikuku vyake ni vifupi, haketi. Huinuka juu ya mgongo, na miguu yake karibu haigusi mbavu. Mpandaji wa kawaida huketi kwa uzito wake wote na kubana kwa miguu, na farasi huyu hajui hiyo ni amri gani. Vilevile mbioni joki hushika hatamu kwa mkazo, na farasi hujifunza kuegemea lijamu na kuongeza mwendo. Mtoto akiogopa atavuta hatamu kwa nguvu zake zote. Atadhani anamsimamisha, farasi ataelewa kinyume. Hii ndiyo sababu kubwa ya jibu langu kwa familia ya Mutanga Nord, na sioni njia ya kuilainisha.

Farasi wa mbio pia hajawahi kuwa peke yake. Ameishi zizini kwa safu na wenzake, ana saisi anayemjua, hutoka asubuhi pamoja na kundi. Kumfunga nyuma ya nyumba, hata kiwanja kiwe kikubwa namna gani, ni mateso kwake: atazunguka, atatafuna mbao, ataacha kula. Akija Bujumbura, mahali pake ni penye farasi wengine.

Na Bujumbura si Nairobi. Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na usiku kuna ubaridi. Sisi tuko chini ya mita 800 kando ya ziwa, kuna joto na unyevu, na visubi hawakosi. Visubi ndio wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosababishwa na virusi vya aina 9. Farasi asiye na kinga huvimba juu ya macho, hupumua kwa shida, hutoka povu puani, na wengi hufa ndani ya siku chache. Chanjo ipo, hutengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, lakini haizuii kila maambukizi. Kwa hiyo kabla ya kununua, tazama cheti cha chanjo za miaka iliyopita, na ujue ya mwaka ujao utaipata wapi na itafika vipi ikiwa bado baridi. Visubi huuma zaidi tangu jua linapozama hadi linapochomoza. Farasi awe ndani saa hizo, na wavu mwembamba uwekwe madirishani.

Chakula ni mtego ambao wenye ng'ombe hawauoni. Matete na setaria zinazokatwa kulisha ng'ombe zina kemikali inayoshika kalsiamu ili mwili wa farasi usiipate. Ukiongeza pumba za mpunga, ambazo ni rahisi kupatikana kwa kuwa uwanda wa Imbo hulima mpunga, unaongeza fosforasi na kuzidisha upungufu. Mwili huanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa. Farasi huchechemea leo mguu huu, kesho ule, bila jeraha, na mwishowe mifupa ya uso huvimba. Ng'ombe anayekula majani yaleyale hana shida, kwa sababu tumbo lake kubwa huivunja kemikali hiyo. Farasi anahitaji mchanganyiko wa nyasi, kunde malisho kama lusani zikipatikana, na chokaa ya mifugo kwa kipimo cha daktari. Mwenye kilo 450 hula takriban kilo 9 za chakula kikavu kwa siku, sehemu kubwa ikiwa nyasi. Fanya hesabu hiyo kwa mwezi, kisha uitazame tena ile bei nafuu.

Iko pia safari. Tangu Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, njia ya kufikiria ni ya Tanzania hadi Kobero, zaidi ya kilomita elfu moja, na magharibi mwa Tanzania kuna maeneo ya mbung'o. Farasi aliyefungwa kichwa juu kwa saa nyingi hushindwa kukohoa uchafu ukatoka, na mapafu huoza kwa maambukizi. Ashushwe kila siku, ainamishe kichwa, anywe, alale penye nyasi. Vibali vya mifugo vya nchi zote tatu viwe mkononi kabla gari halijawashwa.

Akifika, usimpande. Mpe wiki kadhaa za nyasi na matembezi ya kuongozwa kwa mkono, ajifunze kusimama wakati mtu anapanda, maana joki hurushwa tandikoni farasi akiwa anatembea. Mwaka wa kwanza ni wa mwalimu na mpandaji mzoefu. Binti wa Mutanga Nord aendelee na farasi mzee wa klabu ambaye ameshabeba watoto wengi. Na wazazi wake, badala ya kununua, walipie masomo yake ya mwaka mzima.