Westie na Mwasho Usiokoma

Westie, mbwa mdogo mweupe mwenye asili ya Uskoti, ni miongoni mwa mbwa wanaosumbuliwa sana na mzio wa ngozi. Mara nyingi dalili huanza kati ya miezi 6 na miaka 3: hulamba nyayo, hujikuna masikio na kwapa, manyoya hunyonyoka. Kumkemea ni kumwonea, anateseka.

Chanzo huweza kuwa utitiri wa vumbi la nyumbani, chavua, chakula au mate ya viroboto.

Daktari wa mifugo huanza kwa kuangamiza viroboto na kutibu maambukizi ya bakteria na fangasi. Akishuku chakula, mbwa hupewa mlo maalumu pekee kwa takribani wiki 8, bila hata kipande cha mkate. Dawa ya oklasitinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, hutuliza mwasho haraka, ila mzio utokanao na mazingira kwa kawaida huhitaji kudhibitiwa maisha yote.