Barafu ya Canada, Ligi ya Nani?

Jioni ya tarehe 15 Februari 2025, katika ukumbi wa Bell Centre mjini Montreal, mechi ya mashindano ya mataifa ya hoki ya barafu kati ya Canada na Marekani ilikuwa haijatimiza sekunde kumi, na tayari wachezaji walikuwa wamekwishazipiga mara tatu. Kabla ya hapo mashabiki walikuwa wameuzomea wimbo wa taifa wa Marekani. Rais Donald Trump alikuwa ametishia kuzitoza ushuru bidhaa za Canada na kuiita nchi hiyo jimbo la 51, na hasira za mtaani zikahamia uwanjani.

Tulitazame kwa makini pambano la pili. Upande mmoja alikuwepo Brady Tkachuk wa Marekani, upande wa pili Sam Bennett wa Canada. Kwa jezi za siku ile, kila mmoja alikuwa akilipigania taifa lake. Mashindano yalipokwisha, Tkachuk alirudi kibaruani Ottawa, mji mkuu wa Canada, ambako ndiye nahodha wa timu ya Senators. Bennett naye alirudi Florida, anakochezea Panthers pamoja na Matthew, kaka yake huyo huyo Tkachuk. Miezi minne baadaye, Bennett na wenzake wa Florida waliifunga Edmonton ya Canada kwenye fainali na kubeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi.

Uhusiano wa majirani hawa wawili ukichafuka, swali la zamani huibuka upya: je, Canada haipaswi kuwa na ligi yake yenyewe ya hoki ya kulipwa, badala ya kuchangia moja, NHL, na Marekani? Kwa moyo, jibu ni jepesi. Kwa hesabu, si jepesi hata kidogo.

Tuanze na ligi yenyewe. NHL ilizaliwa Novemba 1917 katika hoteli moja ya Montreal, na timu zake zote za mwanzo zilikuwa za Canada. Timu ya kwanza ya Marekani, Boston Bruins, iliingia mwaka 1924. Leo timu ni 32, na za Canada ni saba tu: Montreal, Toronto, Ottawa, Winnipeg, Calgary, Edmonton na Vancouver. Hata hivyo, takriban wachezaji wanne kati ya kila kumi wa ligi nzima ni Wakanada. Nchi hii inatoa wachezaji kuliko nchi nyingine yoyote, lakini mezani ina kura saba dhidi ya ishirini na tano.

Msomaji aliyezoea Ligi Kuu zetu anahitaji kujua jambo moja zaidi. Huku kwetu timu ikivurunda hushuka daraja, na timu ya mkoani ikijitahidi hupanda hadi ikakutana na Simba au Gor Mahia. NHL haina kupanda wala kushuka. Timu ni leseni, na leseni hutolewa na wenye timu waliokwisha kuingia. Vegas ililipa dola milioni 500 za Marekani ili iingie mwaka 2017. Seattle iliyofuata ililipa milioni 650. Mwenye timu akiona mji haumlipi, anaweza kuomba ruhusa ya kuihamishia kwingine. Mji unabaki na kumbukumbu.

Miaka ya tisini iliwaumiza Wakanada hapo hasa. Wachezaji walilipwa kwa dola ya Marekani, ilhali tiketi ziliuzwa kwa dola ya Canada. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo kwa dola na kuuza kwa shilingi anayajua maumivu haya bila kufundishwa. Mapema mwaka 2002 dola ya Canada ilishuka hadi takriban senti 62 za Marekani. Chukua mchezaji wa dola milioni nne: timu ya Detroit ilitoa milioni nne, lakini timu ya Calgary ilihitaji karibu milioni sita na nusu za kwake kumlipa mtu yule yule. Kabla fedha haijafika chini kiasi hicho, timu mbili zilikuwa zimekwisha kuondoka. Mwaka 1995 Quebec Nordiques walihamia Denver, wakabadili jina kuwa Colorado Avalanche, na msimu wa kwanza tu huko wakachukua kombe. Mwaka 1996 ikawa zamu ya Winnipeg. Wenyeji walichangishana kuinusuru timu yao, hata watoto walivunja vibubu vyao, lakini timu ilikwenda Phoenix, jangwani. Timu ya Winnipeg ya leo ilikuja baadaye.

Juu ya yote hayo kuna mwaka 1993. Montreal Canadiens walibeba kombe mwaka huo, na tangu wakati huo hadi fainali ya 2025 hakuna timu ya Canada iliyolishika tena. Vancouver, Calgary, Edmonton na Montreal zote zimefika fainali na kurudi mikono mitupu. Edmonton imefungwa na Florida miaka miwili mfululizo. Kwa bahati tu, kama ya kurusha karata, timu saba kati ya 32 zingeambulia ubingwa mara moja katika kila miaka minne au mitano.

Wanaotaka ligi ya Canada peke yake wana hoja ya fedha pia, nayo isidharauliwe. Aprili 2025 kampuni ya Rogers ilikubali kulipa dola bilioni 11 za Canada kwa haki za kuonyesha NHL nchini humo kwa miaka 12, kuanzia msimu wa 2026. Gawanya: ni zaidi ya milioni 900 kwa mwaka. Zigawanye kwa timu saba tu, na kila timu inapata takriban milioni 130. Kikomo cha mishahara ya timu moja ya NHL kwa msimu wa 2025 hadi 2026 kilikuwa dola milioni 95.5 za Marekani, ambazo ukizibadili ni karibu kiasi hicho hicho. Yaani runinga za Canada peke yake, kabla hujauza tiketi hata moja, zingeweza kulipa mishahara ya timu saba kamili. Kwa nini basi fedha hizo ziende kwenye mfuko wa ligi nzima?

Hesabu hii ni sahihi, lakini imejengwa juu ya dhana moja: kwamba Rogers ingelipa bei ile ile kwa bidhaa nyingine. Na bidhaa iliyonunuliwa ni nini? Ni Toronto ikicheza na Boston. Ni Edmonton ikicheza na Florida. Ni mtoto wa Nova Scotia, Sidney Crosby, akiwa na jezi ya Pittsburgh. Ligi, ukiichambua hadi mfupa, ni wapinzani: nani atakuja kwako Jumamosi, na je, watu watatoka majumbani kumwona?

Hili Wakenya wanalijua vizuri pengine kuliko Wakanada. Nairobi kuna uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uliofunguliwa mwaka 2005. Hapo ndipo ilipokulia timu ya Kenya Ice Lions. Walikuwa na viatu vya barafu, magongo, jezi na ari. Walichokosa ni mtu wa kucheza naye, kwa hiyo walijigawa wakacheza wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons iliwapeleka Canada na kutengeneza tangazo kutokana na safari hiyo. Crosby na Nathan MacKinnon wakavaa jezi za Kenya na kuingia barafuni pamoja nao. Tangazo lile liligusa mioyo kwa sababu lilisema ukweli: timu bila mpinzani ni mazoezi.

Canada haiko katika hali hiyo, ina timu tele. Lakini imewahi kuonja maisha ya kujifungia. Msimu wa 2020 hadi 2021, mpaka ukiwa umefungwa kwa sababu ya korona, NHL ililazimika kuziweka timu zote saba za Canada katika kundi lao peke yao. Kila timu ilicheza mechi 56, zote dhidi ya majirani sita, mara tisa au kumi kwa kila mmoja. Mtu aliyekuwa akiota ligi ya taifa alipewa msimu mzima wa kuijaribu.

Mwanzoni ilipendeza. Edmonton na Calgary, watani wa jadi wa jimbo la Alberta, walikutana mara kwa mara, na kwenye mtoano Toronto na Montreal wakakabiliana kwa mara ya kwanza tangu 1979. Lakini hebu fikiria Simba na Yanga wakikutana mara kumi katika msimu mmoja. Ile wiki ya kutaniana kabla ya mechi, ile hofu ya kufungwa na kubeba aibu kwa miezi kadhaa, vyote vinayeyuka, maana marudiano ni keshokutwa. Utani wa jadi hunoga kwa kuwa adimu.

Na kilele cha msimu ule kilikuja lini? Montreal, timu iliyokuwa na pointi chache kuliko zote zilizoingia mtoano, iliitoa Toronto, ikaitoa Winnipeg, kisha ikavuka mipaka ya kundi lake na kukutana na Vegas. Ilipoitoa Vegas na kwenda fainali dhidi ya Tampa Bay, maelfu ya watu walijaa barabarani nje ya Bell Centre, kwa kuwa ndani waliruhusiwa wachache tu. Walifungwa fainali hiyo mechi nne kwa moja. Lakini kilichowatoa watu majumbani ni mgeni. Kama msimu ungeishia kwenye ubingwa wa Canada pekee, Montreal ingepewa kombe lake na kila mtu angejua kwamba Tampa haijaulizwa.

Hapa ndipo hoja ya 1993 inapovunjika. Ligi ya Canada peke yake ingetoa bingwa wa Canada kila mwaka, kwa lazima. Lakini thamani ya kombe iko katika uwezekano wa kulikosa. Tena wachezaji wangeufuata mshahara ulipo. Sweden na Finland zina ligi zao za taifa, nzuri na za siku nyingi, na bado vijana wao bora huvuka bahari kwenda NHL. Bennett angebaki Florida hata kama Canada ingekuwa na ligi mpya.

Hata hivyo, Sweden ina kitu ambacho Canada haina. Skellefteå ni mji wa kaskazini wenye wakazi wasiofika elfu arobaini, lakini timu yake imekuwa bingwa wa nchi mwaka 2013, 2014 na tena 2024. Iko daraja la juu kwa kustahili, na isipostahili itashuka. Katika Canada, mji wa ukubwa huo hauna ndoto hiyo. Wenye bahati hupata timu ya vijana wasiozidi miaka ishirini. Swali lenye uzito, basi, ni la ramani: nani anaamua ni mji gani wa Canada utakuwa na hoki ya ngazi ya juu? Kwa sasa wanaamua wenye leseni, na wengi wao wako upande wa pili wa mpaka. Bilionea wa Canada Jim Balsillie alipotaka mwaka 2009 kuinunua timu ya Phoenix iliyofilisika na kuihamishia Hamilton, Ontario, ligi ilimkatalia, na mahakama haikumsaidia.

Mfano wa kulijibu swali hilo la ramani upo ndani ya Canada kwenyewe. Ligi ya Canada ya mchezo unaofanana na mpira wa miguu wa Kiamerika, CFL, ina timu tisa, kanuni zake na idadi maalumu ya wachezaji wazawa. Haishindani na ligi tajiri ya Marekani. Inaishi kwa kadiri yake. Ilipojaribu kujitanua Marekani, timu ya Baltimore ilibeba kombe la Canada mwaka 1995, na muda si mrefu mradi wote ukafungwa. Na hoki ya wanawake imeonyesha njia ya tatu: ligi ya PWHL iliyoanza Januari 2024 ilikuwa na timu tatu Canada na tatu Marekani, nusu kwa nusu tangu siku ya kwanza. Mechi ya Montreal na Toronto mwezi Aprili mwaka huo ilijaza Bell Centre kwa watu 21,105.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Canada isijitoe NHL. Ingepoteza wapinzani, na pamoja nao bei. Ligi ndogo ya kulipwa kwa miji ambayo NHL haitaitazama kamwe inawezekana, alimradi isijiite mbadala wa NHL, na ijue kwamba viti vya miji hiyo tayari vinakaliwa na hoki ya vijana. Na serikali zake ziache kuwajengea wenye leseni kumbi kabla leseni haijasainiwa.

Jiji la Quebec lilijenga. Kwa fedha za umma, ukumbi wa watu wapatao elfu kumi na nane ulifunguliwa mwaka 2015 kumsubiri mrithi wa Nordiques, ambaye hajafika. Wanaocheza humo ni vijana wa Remparts. Kwa miaka kadhaa kocha wao alikuwa Patrick Roy, mzaliwa wa jiji hilo, kipa aliyesimama langoni Montreal ilipobeba kombe la 1993, na aliyelibeba tena mwaka 1996 akiwa Colorado, timu ile ile iliyoondoka Quebec. Mwaka 2023 aliwapa Remparts Kombe la Memorial, ubingwa wa vijana. Januari 2024 New York Islanders wakamtaka awe kocha wao. Akaenda.