Kupasuliwa mara moja si kupasuliwa daima

KINA mama wengi waliojifungua kwa upasuaji huwa na swali moja wanapopata mimba nyingine: je, nitapasuliwa tena?

Hofu hiyo ina historia. Mnamo 1916, daktari Edwin Cragin wa New York, Marekani, alionya kwamba mwanamke akipasuliwa mara moja, atapasuliwa daima. Enzi hizo mji wa uzazi ulikatwa wima, na kovu lake lilikuwa rahisi kuachana wakati wa uchungu.

Siku hizi madaktari kwa kawaida hukata kwa mlalo, sehemu ya chini ya mji wa uzazi, na kovu hilo huhimili uchungu vyema zaidi. Kati ya wanawake 100 wanaojaribu kuzaa kwa njia ya kawaida baada ya upasuaji wa aina hiyo, kati ya 60 na 80 hufaulu. Aliyewahi kuzaa kwa njia ya kawaida ana matumaini makubwa zaidi.

Anayefaulu hupona haraka. Aidha, huepuka hatari ambayo huongezeka kila mama anapopasuliwa, ya kondo la nyuma kung'ang'ania kwenye kovu katika mimba za baadaye.

Hata hivyo, kovu laweza kupasuka. Hilo huwapata takriban mwanamke 1 kati ya 200 wanaojaribu. Likitokea, maisha ya mama na mtoto huwa hatarini kwa muda wa dakika chache tu. Ndiposa jaribio hili halifai kufanyiwa nyumbani, wala katika zahanati isiyo na chumba cha upasuaji na akiba ya damu.

Bahati mbaya, wapo wanaosimangwa na jamaa kwamba hawakuzaa bali walipasuliwa. Mama wa aina hiyo huweza kuvumilia uchungu nyumbani, akinuia kufika hospitalini mtoto akiwa karibu kutoka ili asipasuliwe. Huko ni kucheza na mauti. Mwingine, kwa kukumbuka uchungu wa siku mbili ulioishia kwa kisu, huomba apasuliwe mapema. Wote wawili wanastahili kusikilizwa bila kukemewa.

La muhimu ni kujua ulivyopasuliwa na kwa nini. Kovu la ngozi halionyeshi jinsi mji wa uzazi ulivyokatwa. Omba maelezo hayo kwa maandishi, uyahifadhi pamoja na kitabu cha kliniki. Ikiwa mtoto wa kwanza alitanguliza makalio, huenda sababu hiyo isijirudie. Mpishano wa mimba nao ni muhimu, na dawa za kuharakisha uchungu, ziwe za kienyeji au za dukani, ziepukwe kabisa.

Na anayejaribu kisha akaishia kupasuliwa hajashindwa. Naye pia amezaa.