MFEREJI ULIOGEUKA MTO

Ndugu msomaji, ukiulizwa Mto Tana unamwaga maji yake wapi, bila shaka utajibu upesi: Kipini. Ni kweli. Lakini zamani haukupita huko hata kidogo! Hayo tuliyafahamu siku chama chetu kilipofunga safari ya Kipini, tukapanda boti hadi Belezoni.

Katika karne ya 19 Tana uliingia baharini kusini zaidi, kwenye Ghuba ya Ungwana. Mto wa Kipini ulikuwa mwingine, mfupi, uitwao Ozi. Wapokomo waliteremsha mpunga na pembe za ndovu kwa mitumbwi ya gogo moja. Shida ilikuwa pale mlangoni: mafungu ya mchanga na mawimbi makali. Mtumbwi wa mto si jahazi, ukipigwa na wimbi basi tena. Ozi nao ulikuwa mtulivu, na majahazi yaliingia na maji kujaa mpaka bandari ya Kau.

Miaka ya 1860 Ahmed Simba, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, alimkimbia Sultani wa Unguja akaweka makao Witu. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walimfuata huko msituni wakapata kimbilio, wakafyeka na kulima. (Wadachi walijitwalia Witu mwaka 1885, wakawaachia Waingereza mwaka 1890, nao wakauteketeza mji mwezi Oktoba mwaka huo huo. Hayo ni ya somo la historia.) Katika enzi ya Simba ndipo ulipochimbwa mfereji wa Belezoni, kuunganisha Tana na Ozi. Ulikuwa mwembamba, wa kupitisha mitumbwi tu.

Kumbe maji hayaombi ruhusa! Kila mafuriko yalipokuja yalikula kingo, mfereji ukapanuka, na kabla karne haijaisha Tana wenyewe ukahamia humo. Mlango wa zamani ukaachwa. Mimi nilitazamia kuona mtaro, nikaona mto mzima. Kau nayo, iliyokuwa na forodha, sasa ni kijiji kidogo. Tuliipita dakika chache tu.

Katika kijiji cha Ozi tulimwamkia mzee mmoja, "Shikamoo babu." Akaitikia, akatuchotea maji ya mto tuonje. Yalikuwa ya chumvi. Mwalimu alieleza kwamba huko juu Tana una mabwawa matano ya umeme, kuanzia Kindaruma la mwaka 1968 hadi Kiambere la mwaka 1988. Mafuriko yamepungua nguvu, na wakati wa kiangazi bahari hupanda mtoni kwa njia ile ile ya majahazi. "Wajukuu zangu," babu akasema, "mpunga hauli chumvi." Alituonyesha miembe iliyokauka imesimama. Akina mama wa hapo sasa huchungulia bahari kwanza. Maji yakipwa ndipo wanateremka na ndoo.